Bei Itarudi

Sehemu ya Saba

Kidole gumba cha Eliufoo kilikuwa hewani, kinakaribia kabisa kuligusa neno UZA kwenye simu, pale mlango wa duka ulipofunguka akaingia mkewe Ernesta, na nyuma yake Baba Mdogo Fanueli, amevaa koti lake la kanisani siku isiyo ya kanisa.

Wewe uliyekuwa nasi wiki iliyopita unayajua yote. Wewe unayeingia leo, vuta kiti, si mambo marefu.

Eliufoo alikuwa mwalimu wa hesabu kule Maore kabla hajaacha kazi na kufungua steshenari mjini Same, karibu na stendi. Mwaka jana yeye na Ernesta walichukua milioni kumi na tano, jasho la Ernesta la misimu minne ya tangawizi, wakanunua sarafu za mtandaoni. Walikubaliana jambo moja tu: zikifika milioni arobaini, wanauza. Thelathini inakwenda kwa Baba Mdogo Fanueli kukomboa shamba la marehemu kaka yake, Eliamini, baba mzazi wa Ernesta, ambalo liko mikononi mwa mzee, naye sasa analiuza. Shamba hilo liko milimani juu ya Maore, lina zamu yake ya maji kwenye ndiva, lile bwawa lililochimbwa na wazee, na kaburi la marehemu liko humo humo katikati ya migomba. Mwisho wa kulipa ni Ijumaa saa nne asubuhi. Baada ya hapo analichukua mwenye hoteli mmoja kutoka Moshi.

Jumatatu sarafu zilifika arobaini na nne. Eliufoo hakuuza. Ernesta alipomuuliza, alimjibu kwamba pesa iko tayari.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa nne na dakika chache, na kwenye kioo cha simu zilibaki thelathini na moja.

Eliufoo aliilaza simu kifudifudi juu ya rimu ya karatasi akasimama.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karatasi zinakwenda?"

Zilikuwa zinakwenda, alisema Eliufoo, japo sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyeamshwa. Mzee alikalia kigoda wanachokalia watu wa picha za pasipoti. Alieleza kwamba ameshuka hospitali kupimwa macho, akaona vibaya kupita bila kusalimia. Kisha akaeleza la pili, ambalo ndilo lililomleta hasa: yule wa Moshi amempigia mara mbili tangu alfajiri.

Ernesta alikuwa na furaha ambayo Eliufoo hakuwa ameiona usoni mwake kwa muda mrefu. Alimwambia mumewe amwonyeshe baba mdogo ile meseji ya benki, ili mzee apande mlima roho ikiwa imetulia.

Eliufoo alianza kuitafuta meseji ambayo haikuwepo. Alisema mtandao unasumbua. Akasema benki nao siku hizi wanachelewa. Alipoona uso wa mkewe unaanza kubadilika, akasema ukweli, au tuseme nusu yake: pesa ipo, ila haijatoka kwenye sarafu.

Ernesta hakupaza sauti. Aliufunga mlango wa duka nyuma yake, taratibu.

"Jumatatu uliniambia iko tayari."

"Iko tayari kwa maana kwamba..."

"Ngapi sasa hivi?"

"Thelathini na moja."

Alitegemea kelele. Badala yake Ernesta alishusha pumzi, kama mtu aliyekuta mlango uliovunjwa lakini vitu vyote vimo ndani. Akasema basi inatosha, thelathini ndiyo inayotakiwa, abonyeze wamalize.

Na ilikuwa inatosha kweli. Kitu cha kufanya kilikuwa kubonyeza tu.

Lakini Eliufoo alianza kueleza. Alieleza kwamba kuna mnunuzi wake huko Moshi, kijana anaitwa Rodrick, anayepokea sarafu na kuingiza shilingi benki, naye anakata chake. Alieleza kwamba wakishatoa makato itabaki thelathini na kidogo, na hapo hawajagusa gharama za mwenyekiti wa kijiji wala za mpimaji. Alieleza kwamba jioni Wamarekani wakiamka na kuingia sokoni bei huwa inapanda, na kwamba mtu anayeuza asubuhi ni kama anayeuza mahindi mwezi wa mavuno.

Baba Mdogo Fanueli alisikiliza kwa adabu, mikono juu ya fimbo. Mwishowe akauliza, "Na hao Wamarekani wanahusikaje na shamba la kaka yangu?"

Eliufoo aliigeuza simu ili aonyeshe mchoro wa bei. Mishumaa myekundu mitatu mipya, ile mistari inayoonyesha bei ikishuka, ilikuwa imejipanga mwishoni. Thelathini na moja ilikuwa imeshakuwa ishirini na tisa.

 Mashine ya fotokopi pekee ndiyo iliyokuwa inanguruma.

Ernesta aliitazama ile namba, akamtazama mumewe, akageuka kutazama kalenda ya ukutani. Mzee ndiye aliyeanza kusema, na alichosema hakuna aliyekitarajia.

"Ernesta ni mtoto wa kaka yangu," alisema. "Mimi naondoka mlimani kwa sababu magoti yamekataa, sina ugomvi na mtu. Kesho nileteeni ishirini na tano mbele ya mwenyekiti. Iliyobaki mtanimalizia mkivuna."

Ernesta alipiga goti kumshukuru, mzee akamwinua.

Mtu mwingine angeuza pale pale, huku akifuta machozi. Eliufoo alihisi kifua kimefunguka, kweli, alihisi anapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Lakini pale pale kifua kilipofunguka, wazo jipya likaingia na kukaa. Kama inatakiwa ishirini na tano tu, basi hakuna haraka. Ana nafasi ya milioni nne nzima. Anaweza kusubiri jioni.

Ernesta alimjua mumewe. Alimvuta kando, karibu na kabati la madaftari, akamwambia kwamba anapanda mlimani na baba mdogo leo hii, akafagie nyumba na kuwapikia mashahidi. Halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Uza leo. Ikiwa ngapi iwe ngapi. Mimi sitaki nyingi, Eliufoo. Nataka baba yangu asilale kwenye uwanja wa hoteli."

"Nitauza."

"Saa ngapi?"

"Kabla ya saa tisa."

Akamshika mkono, akaubana, wakaondoka.

Na alidhamiria, msomaji. Asije akakwambia mtu kwamba Eliufoo alikuwa tapeli au mlevi wa kamari. Alikuwa mtu mwenye akili, na akili yake ndiyo iliyokuwa inamla.

Saa saba alichukua daftari la mistari, akaandika ukurasa mmoja sababu za kuuza na wa pili sababu za kungoja. Ukurasa wa kungoja ulijaa akavuka kwenye wa tatu. Akaingia kwenye grupu la wafanyabiashara wa sarafu, watu mia nne asiowajua sura, akauliza. Mmoja akamwambia akimbie haraka. Mwingine akamwambia wanaokimbia leo ndio watakaolia Jumatatu. Mtu mmoja anayejiita Kurwa alisema ameoneshwa katika maombi kwamba bei itarudi. Eliufoo hakuamini mambo ya kuoneshwa, lakini jibu hilo alilisoma mara tatu.

Saa nane na nusu bei ilikuwa ishirini na nane.

Alishika simu. Akakiweka kidole mahali pake. Na mwili mzima ukakataa. Asubuhi ilikuwa thelathini na moja. Akiuza sasa, ni kama ametoa milioni tatu mfukoni na kuzitupa kwenye mtaro kwa mkono wake mwenyewe, huku akizitazama. Asipouza, kwa dakika ile hajatupa kitu. Bado zipo. Bado zinaweza kurudi. Ndivyo alivyojiambia, na ndivyo alivyojiambia Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Saa tisa kasoro akaingia Mwalimu Saada na mitihani ya darasa la saba, nakala mia mbili. Siku nyingine Eliufoo angemwambia aje jioni. Safari hii alizifanya zote hapo hapo, akazipanga, akazibana pini moja moja, akazihesabu mara mbili. Alikuwa na shukrani kwa ile kazi, kwa sababu mikono ikiwa na karatasi haiwezi kushika simu. Mwalimu Saada alipoondoka ilikuwa saa kumi na robo, na saa tisa aliyoahidi ilikuwa imepita bila yeye kuwepo.

Ernesta alipiga simu saa kumi na mbili, jua likiwa bado liko juu ya mbuga.

"Umeuza?"

"Niko kwenye hatua ya mwisho."

Upande wa pili palikuwa na kuku, na mtu anasugua sufuria. 

"Sawa," akasema Ernesta, akakata.

Hiyo "sawa" ilimkaa Eliufoo kifuani kama tonge lililokwama. Aliijua. Aliwahi kuisikia mara moja tu, zamani, walipokuwa bado wachumba wa macho. Miaka mitatu alimpenda Ernesta bila kutamka, akipima, akiahirisha, akingoja mshahara upande, akingoja mvua zipite. Siku moja Ernesta alimfuata ofisini kwa walimu, akamwambia kuna watu wanakuja kumposa Jumamosi, kama ana neno aliseme. Eliufoo aliomba afikirie mpaka Ijumaa. Ernesta akasema sawa. Eliufoo alikaa na hiyo sawa masaa matatu tu, kisha akapanda mlima kwa miguu mpaka kwao Ernesta, viatu mkononi. Aliwahi. Tangu siku hiyo alijihesabu kuwa mtu ambaye, mwisho wa yote, huwahi.

Ijumaa asubuhi aliamka, akafungua simu kabla hajafungua dirisha. Thelathini na moja na nusu.

Alicheka peke yake chumbani. Imerudi. Kumbe kungoja ndiko kulikokuwa sahihi, kumbe asingekuwa na moyo angeuza kwa ishirini na nane. Alivaa shati jeupe, akapanda gari la kwanza la Maore, na njia nzima ya Kisiwani hakuuona mlima wala mbuga. Aliona mishumaa ya kijani.

Saa tatu kasoro robo alishuka Maore. Kutoka pale mpaka kwa baba mdogo ni nusu saa kwa bodaboda, na juu kule mtandao ni wa kubahatisha. Hivyo alijua, kwa hesabu iliyo wazi kabisa, kwamba pa kuuzia ni pale Maore na saa ya kuuza ni ile.

Rodrick mwenyewe alimpigia kutoka Moshi. Alisema pesa anayo mkononi, yuko benki, asubuhi hii anampa thelathini na moja kamili bila makato kwa sababu ni mteja wa siku nyingi.

"Nipe dakika tano," alisema Eliufoo. "Ninywe chai."

Aliingia mgahawani akaagiza chai na chapati. Na pale alipokaa, dirishani, aliiona nyumba ya Swalehe.

Swalehe alikuwa mwalimu mwenzake wa jiografia. Mwaka elfu mbili ishirini na moja walinunua sarafu ile ile siku moja, wakiwa wamekaa benchi moja. Eliufoo alipopata faida ya laki nane aliuza, akanunua sofa, akajiona bingwa. Swalehe alisahau nenosiri lake. Mwezi mzima alihangaika nalo, na alipolipata, zile sarafu zilikuwa zimepanda mara sita. Ndiyo ile nyumba, bati la bluu, vigae sebuleni, kwa sababu ya kusahau. Eliufoo hakuwahi kumwonea wivu Swalehe kama mtu. Alichokionea wivu ni ule usahaulifu. Tangu siku ile kila alipokiweka kidole juu ya neno UZA aliliona lile bati, na kidole kiliganda.

Chai ililetwa. Eliufoo akawaza: baba mdogo anataka ishirini na tano tu. Kwa nini basi auze zote? Anaweza kuuza za ishirini na tano, hizo sita zikabaki zikaendelea kukua, na wakati wa mavuno zitakuwa zimejilipa zenyewe. Lilikuwa wazo zuri. Akaomba kalamu kwa mwenye mgahawa, akaanza kupiga hesabu nyuma ya risiti. Kuuza nusu kuna makato yake. Au auze ishirini na sita, moja iwe ya gharama? Au amlipe mzee yote thelathini leo leo, wasiwe na deni, halafu aanze upya na kidogo?

Simu iliita. Ernesta. Hakupokea. Alitaka akipokea awe na jambo lililokwisha, amwambie nimeuza, pesa iko benki, nakuja. Ikaita tena. Akaigeuza kifudifudi. Ikaita mara ya tatu na ya nne wakati bado anaandika.

Alipoinua kichwa, chai ilikuwa imeganda utando na saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika kumi.

Alitoka mbio, akamwita dereva wa bodaboda, akamwambia apande kwa kasi yote aliyo nayo. Mlimani kona ya nne mtandao ukakatika. Alikuwa hajauza.

Uani kwa Baba Mdogo Fanueli viti vilikuwa vimeshaanza kukunjwa.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sifael, alikuwa anapuliza wino wa muhuri ukauke. Mashahidi wawili walikuwa wanakula ugali wa mwisho. Nje ya uzio lilisimama lori la Fuso, vijana wanapakia magunia ya tangawizi, na kando ya Fuso alikuwepo Safia, mfanyabiashara wa Same ambaye kila mkulima wa tangawizi upande ule anamjua kwa sauti na kwa mizani yake.

Eliufoo alimtafuta mwenye hoteli, hakumwona. Moyo ukaruka kwa tumaini.

"Bado hajaja?" aliuliza.

"Amekuja na ameondoka," alijibu mwenyekiti, bila kumtazama. "Shamba limeuzwa."

Baba mdogo alimweka kitini akamsimulia. Yule wa Moshi alifika saa nne juu ya alama, na pesa taslimu ndani ya begi. Mbele ya mashahidi mzee hakuwa na namna ya kumkataa mwenye pesa kwa ajili ya asiyekuwepo. Alichoweza ni kuomba mwenyekiti amalize chai kwanza. Mwenyekiti, ambaye ni mtu mwema, alikunywa vikombe vitatu. Ernesta alisimama pale kwenye mgomba, penye mtandao kidogo, akapiga simu mara nne. Baada ya mara ya nne aliiweka simu kwenye mkoba, akatoka nje ya uzio, akaenda kuzungumza na Safia aliyekuwa anapima magunia. Walizungumza kwa muda mfupi kuliko mtu anavyonunua nyanya. Safia akapiga simu benki. Pesa ya mzee ikaingia, yote thelathini, na mwenye hoteli akafunga begi lake.

"Kwa hiyo shamba ni letu," alisema Eliufoo.

"Shamba ni la Ernesta," alisema mzee. Akamsogezea karatasi.

Mahali pa mnunuzi palikuwa na jina la Ernesta. Chini yake palikuwa na mstari uliochapwa kwa ajili ya mwenzi wa mnunuzi, na juu ya mstari huo mwenyekiti alikuwa ameandika kwa mkono wake: hakuwepo.

Eliufoo alisoma neno lile moja mpaka herufi zikaanza kucheza.

Ernesta alitoka ndani ya nyumba akiwa amefunga kitambaa cha safari. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha. Alimwambia kuna chakula jikoni, kama hajala. Eliufoo aliuliza Safia ametaka nini kwa pesa nyingi namna ile, na Ernesta akamweleza bila kuficha. Safia anachukua tangawizi yote ya shamba kwa misimu mitatu. Na kwa kuwa msimamizi wa ghala lake la Tanga amemwibia, anataka mtu anayemwamini. Ernesta atalisimamia mpaka deni liishe.

"Tanga," alisema Eliufoo. "Lini?"

Ernesta aliangalia Fuso. Mkoba wake wa nguo ulikuwa tayari kwenye kiti cha mbele.

Hapo ndipo jambo fulani lilipokatika ndani ya Eliufoo. Alitoka nje ya uzio karibu kukimbia, akamkabili Safia, akamsalimu, akamwambia pesa yake anayo, yote, leo, wavunje ule mkataba. Safia alimtazama kuanzia viatu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye magari barabarani. Alisema yeye hana haja ya kutenganisha watu na ndoa zao. Akiiona thelathini yake benki kabla gunia la mwisho halijapanda, karatasi anaichana mwenyewe.

Yalibaki magunia tisa.

Eliufoo alikimbilia kwenye ule mgomba wenye mtandao. Alimpigia Rodrick; Rodrick akasema bado yuko benki, atume. Eliufoo akafungua sarafu zake, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana hakutazama bei. Hakuchora kitu, hakumuuliza mtu. Akabonyeza UZA kwa nguvu kama anayeua mdudu.

Kioo kikawa cheupe. Kisha yakatokea maandishi.

Yalisema kwamba kwa usalama, tarakimu sita zimetumwa kwenye namba iliyosajiliwa. Zisipoingizwa ndani ya dakika mbili, akaunti itafungwa kwa saa ishirini na nne.

Eliufoo alipapasa akili, akakumbuka. Mwaka jana, siku ya kufungua akaunti hii mpya, laini yake ilikuwa na matatizo ya usajili, wakatumia ya Ernesta. Hakuwahi kuzihitaji hizo tarakimu, kwa sababu kwenye akaunti hii hakuwahi kuuza.

Ernesta alikuwa amemfuata mpaka mgombani; nyuma yake, ndani ya mkoba wa mkononi, simu ya Ernesta ililia mara moja.

Ernesta aliitoa. Aliufungua ujumbe, akausoma, midomo ikitembea kidogo kama mtu anayehesabu.

"Nisomee," alisema Eliufoo. "Ernesta, nisomee hizo namba."

Sekunde zilikuwa zinarudi nyuma kwenye kioo. Mia moja na nne. Mia moja na tatu. Vijana walipandisha gunia, wakarudi kuchukua jingine. Safia alikwishapanda mbele, mlango wa upande wa pili ukiwa wazi. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni kwa fimbo yake.

Ernesta aliishusha simu, akaibana kifuani, kioo kikitazama ndani.

"Nakuuliza kitu kimoja kwanza," alisema. "Kama usingeukuta mkoba wangu ndani ya gari lile, ungebonyeza leo?"

Lilikuwa swali la ndiyo au hapana. Sekunde themanini na moja. Eliufoo alifungua kinywa, na majibu yakamjia mawili kwa pamoja.